Kuandika na Kurekodi Komedi ya Mapenzi ya Wawili Wasioendana: Mwongozo Kamili kwa Kikundi cha Bagamoyo

Mwongozo huu unakihusu kikundi kinachotaka kuandika na kurekodi filamu fupi ya dakika 25 hivi, yenye mapenzi na kichekesho ndani yake, kuhusu mwanamume na mwanamke ambao kila anayewatazama husema hawaendani, na ambao mwishoni wanaoana. Bagamoyo inaifaa kazi hii kuliko miji mingi ya pwani. Kuna ufukwe na mnada wa samaki, mitaa ya nyumba kongwe zenye vibaraza, na majirani wanaojua nani kaingia kwa nani na saa ngapi; kuna pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, ambako vijana hufunzwa uigizaji, muziki na ngoma. Ili maelezo yasielee hewani nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Mwanaidi, mchuuzi wa samaki mzaliwa wa Bagamoyo, na Maganga, mhasibu aliyehamishwa kutoka Tabora.

Hatua ya kwanza: tafuta tofauti inayozaa matendo

Waandishi wengi wanaoanza huchukua tofauti iliyo karibu: tajiri na maskini, mnene na mwembamba, wa mjini na wa kijijini. Tofauti ya namna hiyo huchekesha mara moja, mtazamaji anapowaona wawili wakisimama pamoja, kisha haina la kufanya tena, na mwandishi akiendelea kuitegemea hujikuta anaandika dharau. Tofauti yenye uhai ni ile inayojitokeza katika namna mtu anavyotumia muda, anavyoshika fedha, anavyotimiza ahadi, anavyompokea mgeni na anavyokasirika.

Lipo jaribio rahisi la kuipima. Wape wahusika wako wawili shughuli ndogo ileile, kwa mfano kununua samaki mnadani, kulipa nauli ya bajaji au kwenda kumjulia hali mgonjwa, kisha andika kwa sentensi tatu kila mmoja anafanya nini. Ikiwa wote wawili wamefanya jambo lilelile, bado hujawapata wahusika. Maganga akifika mnadani huuliza bei, huiandika, huzunguka kuuliza kwa wengine, na anaporudi samaki ameshauzwa. Mwanaidi hutazama jicho na shavu la samaki, hutaja bei, huondoka hatua mbili kama asiyemtaka, huitwa, na hununua. Hakuna kati yao aliye mjinga, ila kila mmoja ana elimu ambayo mwenzake hana.

Hapo ndipo penye shina la kazi nzima, nami ningependa mwandishi alishike kuliko jambo lolote jingine katika mwongozo huu: kila mmoja wa wawili hao lazima awe na haki mbele ya macho ya mtazamaji. Ukimfanya mmoja kuwa mwenye akili na mwingine kuwa wa kurekebishwa, umeandika hadithi ya mwalimu na mwanafunzi, na mtazamaji hatatamani waoane.

Hatua ya pili: tumia utani kwa kuujua

Maganga ni Mnyamwezi kwa sababu maalumu. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka kutoka bara wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, wakakaa wakisubiri ujira na mizigo ya kurudia, na katika kupishana huko na kuhitajiana kwao na watu wa pwani ukakua utani ambao mpaka leo wazee wanaufahamu. Mtani ana ruhusa ambayo mgeni mwingine hana: anaweza kukuchokoza msibani, anaweza kuchukua kitu chako na usimdai, anaweza kukuambia maneno ambayo yangetoka kwa mwingine yangeleta ugomvi. Kwa mwandishi wa komedi hiyo ni hazina, kwa maana tangu siku ya kwanza watu wa mtaani wanamshambulia Maganga kwa maneno, naye, aliyekulia mbali na desturi hiyo, anadhani anatukanwa.

Hata hivyo utani una mipaka yake, na mwandishi asiyeijua atawaudhi watu wa kwao. Utani huenda na kurudi: anayechokozwa ana haki sawa ya kuchokoza. Kwa hiyo katika mswada wako, kila mara Maganga anapochokozwa, hesabu kama amepata nafasi ya kujibu. Kurasa za mwanzo hajui kujibu, katikati anajifunza, karibu na mwisho anamjibu mzee mmoja wa baraza kwa ufundi hadi baraza zima linanyamaza, kisha linalipuka. Kukua huko ni sehemu ya mapenzi yenyewe, kwa sababu aliyemfundisha kujibu ni Mwanaidi. Ama tofauti ya dini, ningeshauri usiiingize katika filamu ya dakika 25. Ni jambo zito linalostahili nafasi yake, na likiguswa kwa haraka huonekana kama mzaha.

Hatua ya tatu: wafunge pamoja

Watu wasioendana wana njia nyepesi ya kumaliza tatizo lao, nayo ni kuachana njia. Mwandishi lazima aizibe. Kinachowafunga kiwe kitu cha kawaida, kinachoonekana kwa macho, na kinachowalazimisha kukutana tena na tena hata siku ambayo hawasemezani.

Katika mfano wetu kitu hicho ni sanduku la kikoba. Wanaovijua vikoba wanajua utaratibu: wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Mwanaidi ana ufunguo mmoja. Wa pili anao shangazi yake, mwanamke mkali anayependwa na mtaa mzima. Mwenye ufunguo wa tatu amehama, na wanachama wanaamua kumpa Maganga, mpangaji mpya katika nyumba wanamokutania, kwa hoja kwamba mgeni hana ndugu wa kumpendelea.

Tazama kazi inayofanywa na sanduku hilo. Wawili hawa hawawezi kukwepana, kwa kuwa kila wiki lazima wakutane. Na hawawezi kuwa peke yao, kwa kuwa shangazi naye lazima awepo. Adabu ya pwani, ambayo hairuhusu kijana na binti kukaa faragha, imegeuka kuwa chuma chenye kufuli, na kila onyesho la kikoba linabeba mambo mawili kwa pamoja, hesabu za fedha juu na habari za mioyo chini yake.

Hatua ya nne: panga kurasa kabla ya kuandika

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa filamu hutoa takriban dakika moja ya picha, hivyo lenga kurasa 25. Kurasa nne za kwanza ziwe za mnadani, ambapo Maganga anapoteza samaki aliyemtaka na Mwanaidi ndiye anayemnunua. Tatu zinazofuata zimpe ufunguo. Kuanzia ukurasa wa nane hadi wa 14 waache wagongane na kuzoeana. Hapa ndipo filamu inapoishi, usiharakishe. Ukurasa wa 15 au 16 uwe wa posa, kurasa tano baada yake ziwe za mfarakano, na zilizobaki za kufungua yote.

Mfarakano ndio unaowashinda wengi. Njia iliyochakaa ni kumleta mwanamume wa pili mwenye gari, au uongo unaogunduliwa kupitia simu. Vyote viwili hutoka nje ya wahusika. Mfarakano mzuri hutoka katika ileile tofauti uliyoichagua hatua ya kwanza. Maganga, kwa kumpenda Mwanaidi, anaamua kuishi kwa moyo mkunjufu: anamkopesha rafiki fedha za kodi ya nyumba bila kuandika popote. Mwanaidi, kwa kumpenda Maganga, ananunua daftari la mistari na wiki nzima anaandika kila samaki aliyemuuza, akikosa wateja kwa kuchelewa kuwajibu. Siku wanayokutana kuoneshana, kila mmoja anamwona mwenzake kafanya jambo la ajabu. Maganga anafadhaika kwamba Mwanaidi amepoteza faida kwa ajili ya maandishi. Mwanaidi anafadhaika kwamba Maganga ametoa kodi ya nyumba bila shahidi. Wamebadilishana tabia na bado hawaendani, na ugomvi wao unachekesha huku ukiuma, kwa kuwa umetokana na upendo mtupu.

Hatua ya tano: majibizano yasiyosema jambo waziwazi

Mhusika wa komedi ya mapenzi anayesema "nakupenda" mapema amemaliza kazi ya mwandishi kabla ya wakati. Waache wazungumze juu ya fedha, samaki, nauli na mvua, na mtazamaji asikie kingine. Hiki ni kipande cha kikao cha kikoba:

MAGANGA: Dada Mwanaidi, mfuko wa jamii unapungua shilingi 3,500.

MWANAIDI: Haukupungua, kaka Maganga. Zimekwenda kwa Mama Chausiku, ameuguliwa.

MAGANGA: Hazikuandikwa.

MWANAIDI: Mgonjwa haandikwi. Hutazamwa.

SHANGAZI: (akihesabu sarafu, bila kuinua kichwa) Na wewe Mnyamwezi, ulikwenda kumtazama?

Maganga ananyamaza. Onyesho linalofuata halina neno hata moja: yupo mlangoni kwa Mama Chausiku, ameshika kilo ya sukari kwa mikono miwili, na kumbe Mwanaidi yumo ndani. Angalia kwamba wanaitana dada na kaka. Heshima hiyo iendelee hata katikati ya ugomvi, kwa sababu hasira inayopita ndani ya maneno ya adabu huchekesha kuliko kelele. Siku Maganga anapomwita "Mwanaidi" bila dada, mtazamaji wa hapa atashtuka zaidi ya ambavyo angeshtushwa na busu.

Kanga nayo ni majibizano. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye pindo, mji na jina lilelile, na mtazamaji wa pwani hulisoma jina kabla ya kumtazama mvaaji usoni. Chagua jina moja tu kwa filamu nzima, ulitumie mahali pawili. Kwa hadithi hii ningechukua "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwanaidi anajifunga kipande kimoja siku washenga wanapokuja, naye hasemi lolote. Kipande cha pili mtazamaji asikione mpaka ukurasa wa 24, pale shangazi, aliyepinga tangu mwanzo, anapotokea kikobani amejitanda nacho na kuweka ufunguo wake mezani. Hapo usimpe neno la kusema, kwani kanga imeshasema kwa niaba yake.

Hatua ya sita: posa iwe kilele cha kichekesho

Mapenzi ya huku hayawahusu wawili pekee, na posa ndiyo siku familia zinapoingia jukwaani kwa haki. Maganga hana mzee mjini. Anamwendea mtu anayemheshimu kuliko wote, amwombe amtafutie mshenga, na mtu huyo ni shangazi. Barua yake ya posa, ambayo kwa desturi huandikwa kwa lugha laini na kufungwa pamoja na fedha kidogo ndani ya bahasha, imepangwa kwa safu na jumla yake chini.

Kisha wazee wanataja mambo yao. Mwandishi awe mwangalifu hapa, kwa sababu watazamaji wanajua desturi na kosa dogo litawatoa kwenye hadithi: kwa ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe na yeye ndiye anayeitaja, ilhali mkaja wa mama na kilemba cha baba ni vya mila, na hivyo ndivyo vinavyojadiliwa. Maganga akisomewa orodha anafurahi, kwani kwa mara ya kwanza tangu afike Bagamoyo mtu amempa hesabu iliyonyooka, naye analipa yote papo hapo bila kupunguza shilingi. Baraza linaingia baridi. Kubishana bei kwa upole ni namna ya kuonesha kwamba unalitaka jambo na unawathamini walio mbele yako. Aliyelipa bila neno ameonekana kama anayenunua na kuondoka. Mwanaidi, anayesikiliza nyuma ya pazia, ambaye kila asubuhi hubishana bei tangu jua halijapanda, ndiye anayeumia zaidi. Mpe mwigizaji wake muda mrefu wa picha ya karibu katika dakika hiyo.

Hatua ya saba: bahari, jua na sauti

Bahari ya Bagamoyo ina ratiba yake, na asiyeijua atapoteza siku za kazi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua zaidi kidogo ya saa sita, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Maana yake ni kwamba ukirekodi nusu ya onyesho la mnadani leo saa 2 asubuhi maji yakiwa yamejaa, na ukarudi baada ya siku saba saa ileile, utakuta maji yamekupwa na ngalawa zimekaa mchangani, na hakuna mhariri atakayeunganisha picha hizo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ni kubwa zaidi; siku za maji mafu bahari hubadilika kidogo na ni salama zaidi kwa mwendelezo. Waulize wavuvi kabla ya kupanga ratiba.

Ufukwe huu unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, kwa hiyo ile picha ya wapenzi mbele ya jua linalozama majini haipatikani hapa, na ni afadhali. Andika onyesho hilo la alfajiri, saa ambayo Mwanaidi yupo kazini na Maganga ameamka mapema kwa mara ya kwanza ili akanunue samaki kwa njia yake. Jioni mwanga hutoweka upesi. Baada ya jua kuzama una dakika 20 hivi za mwanga unaofaa, nazo hazitoshi kwa zaidi ya picha mbili.

Sauti mbaya huua kichekesho haraka kuliko picha mbaya, kwa kuwa mtazamaji asiyesikia neno la mwisho hacheki. Sogeza maikrofoni karibu na mzungumzaji, ifunike dhidi ya upepo, na maonyesho ya maneno mengi yarekodie uani au ndani badala ya ufukweni. Panga mapumziko yaangukie nyakati za adhana: ni adabu kwa mtaa, na pia huwezi kurekodi mazungumzo wakati huo.

Hatua ya nane: vibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inataka kibali kabla ya kurekodi, na filamu ikaguliwe kabla ya kuoneshwa kwa umma. Mwenye jukumu hilo ni Bodi ya Filamu Tanzania. Peleka muhtasari na mswada mapema. Zungumza na serikali ya mtaa, na kwa maeneo yaliyohifadhiwa, kama magofu ya Kaole yaliyo kilomita 5 hivi kusini mwa mji, au Ngome Kongwe, omba ruhusa kwa wanaoyasimamia. Wimbo wa taarab unaoupenda usiuweke bila idhini ya mwenyewe. Tafuta mwanamuziki wa hapa akutungie.

Hatua ya tisa: waigizaji na mazoezi

Usimtafute mchekeshaji. Tafuta mwigizaji anayeweza kuamini kwa dhati kwamba daftari lake lina maana, kwa sababu Maganga anayejua kwamba anachekesha hachekeshi tena. Fanyeni mazoezi wiki mbili kabla ya kamera, na katika mazoezi hayo waoneshe waigizaji jambo la kufanya kwa mikono katika kila onyesho: kupara samaki, kuhesabu sarafu, kukunja kanga, kufunga kufuli. Mikono ikiwa na kazi, sauti hushuka na uso hutulia. Kwa nafasi ya shangazi mpeni mwanamke mtu mzima wa mji anayejua kusema na kunyamaza, hata kama hajawahi kuigiza. Lafudhi yake haitengenezeki.

Hatua ya kumi: uhariri na onyesho la majaribio

Katika kuhariri, kicheko hukaa kwa anayesikia kuliko kwa anayesema. Mwanaidi akimaliza kusema "Hutazamwa", katisha mara moja umwendee Maganga, umwache hapo sekunde mbili au tatu kamili kabla ya shangazi kuzungumza. Muziki wa kumwambia mtazamaji acheke uondoe wote.

Kabla ya kuikamilisha, ioneshe kwa watu wa rika mbalimbali uani kwa mtu, vijana na wazee pamoja, nawe ukae pembeni ukiwatazama wao badala ya kioo. Weka alama kwenye mswada kila wanapocheka, kila wanapoangalia simu, na kila wanaposema neno kwa jirani. Mahali walipocheka kwa kumdharau mmoja wa wapenzi pakatwe hata kama kicheko kilikuwa kikubwa. Mahali ambapo mwanamke mmoja alimgeukia mwenzake akamwambia jambo kwa sauti ya chini, pabaki kama palivyo. Ikiwa shangazi ametokea na kanga yake na hakuna aliyetambua kwamba ni kipande cha pili cha doti, tatizo lipo ukurasa wa 16: rudini mkarekodi upya picha ya Mwanaidi nyuma ya pazia, safari hii jina la kanga lisomeke lote.